Maoni ya Wiki ya Kumi na Moja

Ukiliamini azimio la kazi, muhula huu darasa la nne wanajifunza kugawanya kwa njia ndefu, halafu nusu, robo na theluthi, halafu kuzijumlisha hizo nusu na robo. Katika sayansi wanajifunza sehemu za ua. Katika lugha, barua ya kirafiki. Katika maarifa ya jamii, pande nne za dunia na ramani ya shule yao, ambayo karibu kila mtoto ameichora choo kikiwa kikubwa kuliko ofisi ya mwalimu mkuu. Siwalaumu. Ofisini huitwa mara moja kwa mwaka, chooni wanapanga foleni kila siku.

Haya nayajua bila kuingia darasani kwao. Mimi nafundisha la tano, na kati yetu na la nne hakuna ukuta, kuna plaiwudi. Nikinyamaza kupumua nasikia chaki ya mwenzangu ikikwaruza ubao. Akiwaimbisha "gawa, zidisha, toa, shusha," na wangu wanaitikia, hata kama sisi tuko kwenye historia.

Mwalimu wa la nne mimi namwita dada, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Wanafunzi wanamwita Mama Baki, kwa sababu mtoto akimaliza kugawanya lazima aulizwe baki ni ngapi, hata kama hakuna baki. Jina analijua na hajawahi kulikasirikia. Kukasirika kunataka nguvu, na nguvu zake nyingi anaziacha nyumbani. Mama yake alipatwa na kiharusi mwaka juzi. Mkono mmoja na mguu mmoja havifanyi kazi, na mzee huyo lazima ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda. Mchana anageuzwa na mpwa wao. Usiku ni zamu ya dada. Kwa hiyo asubuhi anaingia darasani akiwa ameshamaliza siku moja nzima, na mbele yake wamekaa watoto sabini na wanane, wanne wanne kwenye madawati ya wawili.

Miaka ishirini na sita amefundisha darasa hilo hilo. Desemba hii anastaafu. Hakuwa na makuu. Hakutaka sherehe wala saa ya ukutani. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema mara nyingi tukinywa chai kiasi kwamba nilikuwa namkatiza: amalize mbele ya ubao, na siku ya mwisho awakabidhi hao sabini na wanane kwangu mkono kwa mkono. Kwetu mwalimu akichokwa anapelekwa stoo ya vitabu mpaka tarehe yake ifike, na wenzake wanasema amestaafishwa na panya. Dada alikuwa akilicheka neno hilo kama sisi wote, lakini nilikuwa naona analiogopa.

Sasa niseme kosa lake, maana ni kosa la watu wa kazi yetu tu. Azimio la kazi ni daftari kubwa lenye safu. Safu ya wiki, safu ya mada, safu ya vitendo, safu ya vifaa, na pembeni kabisa safu nyembamba ya maoni. Ukishafundisha, hapo unaandika ilikuwaje. Kila mwalimu duniani anaandika maneno yale yale: somo limeeleweka, wachache wamepewa mazoezi ya ziada. Mimi nafunga wiki nzima siku ya Ijumaa, na nikiwa mvivu, ambayo ni kawaida yangu, nafunga wiki nne kwa mpigo. Dada si mvivu. Ni mtu ambaye akianza kazi haachi mpaka aone mwisho wake. Likizo iliyopita alikaa kando ya kitanda cha mama yake akiandika azimio la muhula mzima, mwandiko mzuri, mistari ya rula, na alipofika safu ya maoni hakusimama. Aliijaza yote, wiki ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Alijua atakuja kuandika nini. Alikuwa ameyaandika mara nyingi mno.

Mkaguzi alikuja wiki ya saba, Jumanne, bila taarifa. Mama mnene wa miguu mibovu. Alipoketi nyuma ya darasa la nne alivua viatu kwanza chini ya dawati, ndipo akafungua karatasi zake. Mtoto mmoja wa kwangu aliyechungulia mlangoni akaniletea habari hiyo ya viatu kabla hata sijajua tuna mgeni. Nikafanya ambacho kingefanywa na mwalimu yeyote mwenye akili: nikawapa watoto wangu kazi ya kunakili, nikavuta azimio langu, nikaanza kuandika maoni ya wiki sita nilizokuwa sijagusa. Uvivu wangu uliniokoa. Bidii ya dada ndiyo iliyomponza.

Kupitia plaiwudi nilisikia somo lote. Nusu na robo. Alikuwa amekunja karatasi, akaichana, akawaonyesha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani. Watoto waliitikia vizuri, robo mbili ni nusu, robo nne ni kitu kizima. Kisha kurasa zikifunuliwa, na sauti ya mkaguzi, ya upole kabisa.

"Mwalimu, hapa wiki ya kumi na moja naona darasa zima limefaulu jaribio la kujumlisha sehemu, na wanafunzi wamelifurahia. Leo ni wiki ya saba. Walifurahia lini?"

Sikusikia hata mguu wa dawati. Watoto hawana elimu ya maazimio, lakini mtu mzima akiumbuka wanajua.

Mkaguzi hakumshindilia. Alitembea bila viatu mpaka ubaoni, akaandika tisini na sita gawanya kwa nne, akawaambia watoto waifanye kimya, kila mtu kwenye daftari lake. Akapita dawati kwa dawati. Jibu ni ishirini na nne, mtu yeyote wa la nne wiki ya saba anatakiwa alipate. Walilipata kumi na tisa. Kumi na tisa kati ya sabini na wanane.

Nisijifanye mtakatifu. Kila Januari nawapokea watoto hao, na kila Januari nawalaani kimoyomoyo pamoja na aliyewafundisha, kwa sababu hawajui kugawanya. Halafu chai inafika, nakaa na dada, tunagawana maandazi, simwambii kitu. Na mimi nina azimio langu, linasema Januari ni desimali, kwa hiyo nafundisha desimali kwa watoto wasiojua kugawanya. Mtihani wa mwisho wa muhula unatungwa huko juu na unafanywa na shule zote siku moja. Hausubiri mtu. Ukirudi nyuma kufundisha cha wiki ya tatu, utakosa cha wiki ya nane, na kitakachoulizwa ni cha wiki ya nane. Basi tunaenda mbele.

Mkaguzi alimwita dada ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilipata habari baadaye kwa dada mwenyewe. Mkaguzi alieleza kanuni: kumbukumbu za uongo, mwalimu anaondolewa darasani. Mwalimu mkuu, kijana tu, mwenye shati linalopigwa pasi hata mikunjo ya kwapani, aliomba, akaapa, akasema huyu mama ndiye mhimili wa shule. Mkaguzi akasikiliza akijikanda mguu. Mwishowe akasema hataandika ripoti siku hiyo. Kesho saa nne asubuhi aletewe azimio jipya, mada zile zile, maoni yaishie wiki ya saba, tarehe zikae sawa. Akilipata atasaini na yaishe.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mwalimu mkuu aliuona, akamfuata dada mpaka darasani baada ya watoto kuondoka.

"Mama yangu, usiniue," alimwambia. "Funika kombe mwanaharamu apite. Andika kama tunavyoandika siku zote, ila safari hii ishia wiki ya saba. Kazi ya nusu saa."

Nami nilimletea azimio langu, wino haujakauka vizuri, nikamwambia anakili maoni ya kwangu abadilishe maneno mawili matatu. Nilikuwa naona nimemfanyia wema. Ilikuwa kama saa kumi jioni. Alikuwa amekaa kwenye dawati la mbele, siyo kwenye kiti chake, mikono mapajani, na rundo la madaftari ya watoto pembeni. Alikuwa ameyakusanya yote sabini na wanane. Akaniambia niache azimio langu hapo, ahsante, ila nimtume mtoto wa jirani yangu akamwambie mpwa wao kwamba bibi ageuzwe tena saa kumi na moja, yeye anachelewa. Nikapeleka ujumbe, nikarudi. Azimio langu lilikuwa pale pale nilipoliweka. Lake jipya lilikuwa limefika wiki ya nne.

Nikasimama nyuma yake nikasoma. Sitasahau. Wiki ya kwanza, marudio ya kuzidisha: wengi hawajui jedwali la sita kwenda juu, nimeendelea. Wiki ya tatu, kugawanya kwa tarakimu moja: walioweza kumi na wawili, nimeendelea. Wiki ya nne, kugawanya kwa tarakimu mbili: walioweza watano, wengine wamenakili ubaoni, mimi mwenyewe nilisinzia nikiwa nimesimama, mtoto wa dawati la tatu akaniamsha. Sayansi, sehemu za ua: wameelewa, kwa sababu tulitoka nje tukachuma maua. Barua ya kirafiki: thelathini na nane wamenakili barua ya mwenzao mmoja, wote wamemsalimu mjomba yule yule. Na chini ya kila wiki majina. Nani hajui jedwali la saba. Nani anasahau kushusha. Nani anajua lakini haoni ubao. Alikuwa akifungua daftari moja baada ya jingine, anatazama kosa, anaandika jina.

Nilikasirika. Nilimwambia amechanganyikiwa kwa kukosa usingizi. Nilimwambia hakuna mkaguzi aliyeomba haya, kwamba yule mama mwenyewe amemfungulia mlango na yeye anaubamiza, na kwamba kesho saa tano atakuwa stoo anahesabu vitabu vilivyoliwa na panya. Nilimkumbusha Desemba. Nilisema ukweli una wakati wake, na wakati wake si miezi mitano kabla ya kustaafu.

Hakuinua kichwa. "Mdogo wangu, mficha uchi hazai," alisema. "Nikiandika wameelewa, kesho kutwa nafundisha theluthi. Kumi na tisa watanifuata. Hawa wengine utawapokea wewe Januari, halafu utanyamaza, kama unavyonyamaza kila mwaka."

Nilidhani hajui. Kumbe alikuwa akijua, na maandazi tuligawana hivyo hivyo. Nikavuta rundo upande wangu nikaanza kumfungulia madaftari, namsomea kosa, anaandika jina. Tulimaliza mwanga ukiwa bado dirishani.

Siku ya pili saa nne mkaguzi alisoma azimio lile ofisini kwa muda mrefu, mwalimu mkuu akiwa amesimama, dada akiwa amesimama, mimi nikiwa nimejifanya nimefuata chaki. Alisoma wiki zote saba, na majina yote. Kisha akavaa viatu, nikajua mambo yamekwisha. Alisema mambo mawili. La kwanza, darasa la nne lirudi wiki ya tatu. Wasifanye mtihani wa pamoja muhula huu, ataandika barua yeye mwenyewe, na hawa watoto wafundishwe kugawanya mpaka wajue, ndipo waende kwenye nusu na robo. Katika miaka yangu ya kazi sijawahi kusikia mkaguzi akisema hivyo.

La pili, mwalimu aondolewe darasani. Jana angeweza kusema ameona daftari lililokosewa tarehe. Leo anayo mkononi karatasi ambayo mwalimu mwenyewe, kwa mwandiko wake, amekiri kwamba alijaza uongo na akaendelea. Hawezi kuifumbia macho, kwa sababu ameitumia kuwaombea watoto. Alimtazama dada akasema, "Samahani, mwalimu." Naamini alimaanisha. Haikubadilisha kitu.

Mwalimu mkuu alinipa mimi darasa la nne. La tano akampa mwalimu wa michezo, Mungu awarehemu. Jumatatu dada alinikabidhi kisanduku cha chaki, daftari la mahudhurio na lile azimio. Aliwaambia watoto wanisikilize, na wa dawati la pili kushoto asogezwe mbele kwa sababu haoni. Akatoka, akapita nje ya madirisha kuelekea stoo, na watoto wakawa wanamfuata kwa vichwa, dirisha la kwanza, la pili, la tatu, mpaka akatoweka.

Nilifundisha wiki ile kama sijawahi kufundisha. Siyo kwa ubora, nisijisifu. Nilikuwa nimeambiwa nifanye jambo moja tu. Hakuna theluthi, hakuna desimali, hakuna mtihani unaonifukuza kwa nyuma. Nilifungua lile azimio, nikawapanga watoto kufuatana na majina yake. Wa jedwali la saba huku, wanaosahau kushusha kule, wanaokosea kutoa karibu na mlango. Kila kundi nikalipa dawa yake. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, tisini na sita gawanya kwa nne, themanini na nne gawanya kwa saba, mpaka nikaota namba. Alhamisi sauti yangu ilikauka, nikafundisha kwa kuandika. Ijumaa nikawapa hesabu tano kimya kimya kama alivyofanya mkaguzi, nikasahihisha wakati wa mapumziko, nikahesabu mara mbili kwa kuogopa kujidanganya. Waliopata zote walikuwa thelathini na wanne.

Nikakimbilia stoo na daftari mkononi. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya mtu aliyesahau anamwendea nani. Dada alikuwa amekaa kwenye katoni ya vitabu, miwani puani, anapaka gundi kwenye majalada yaliyochanika. Stoo ina kidirisha kimoja juu kabisa. Nikamwambia walikuwa kumi na tisa, sasa ni thelathini na wanne, na imepita wiki moja tu.

Aliacha brashi. Akaniuliza hao kumi na watano walioongezeka ni kina nani.

Nikamtajia mmoja mmoja. Kila jina aliitikia kwa kichwa kidogo, na kwa wengine akaongeza neno: huyo alikuwa anasahau kushusha, huyo tatizo lake ni saba mara nane, huyo akili anayo ila alikuwa na aibu. Nilipofika wa kumi alivua miwani. Nilipomaliza wa kumi na tano alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga, hanitazami tena usoni.

"Siku tano," alisema.

Nikamwambia ni kazi yake, ni majina yake, mimi nimefuata tu alichoandika. Nilisema haraka haraka, maneno mengi, kwa sababu nilianza kuona nilichomletea.

"Ninajua ni kazi yangu," alisema. "Nilijua tangu wiki ya tatu wanataka siku tano. Kila mwaka wanataka siku tano, sita. Wewe umeambiwa rudi nyuma. Mimi miaka ishirini na sita nimengoja mtu aniambie hivyo."

Nilitaka kusema kwamba na mimi sikuwahi kumwambia. Kengele ikalia, akaniambia niende, watoto wasikae peke yao.